Honi Baada ya Kona

Dada yangu,

Tumerudi salama. Ulisema tupite njia ya milimani ili Baba apumzishe mawazo, na kweli msitu ulipendeza: ukungu umelala juu ya miti, hewa inanukia majani mabichi. Baba alikataa katakata kunipa usukani.

"Wewe tazama miti," alisema. "Mimi ni dereva tangu hujazaliwa."

Unajua kawaida yake ya kupiga honi kabla ya kila kona. Safari hii alikuwa akipiga tukishaipita. Mwanzoni nilicheka, nikidhani ananitania. Kisha kwenye kona moja tukakutana na lori uso kwa uso, na dereva wake ndiye aliyetukwepa. Baba akasimamisha gari, akaniuliza kwa upole, "Hivi tulikuwa tunakwenda wapi?"

Mimi hanisikilizi, ananiona mtoto. Wewe ndiye mkubwa. Nakuomba umpigie simu umwambie asiendeshe tena, maana ufunguo wa gari nimeuficha chini ya godoro langu. Tangu asubuhi anautafuta nyumba nzima, nami namfuata nyuma, namsaidia kuutafuta.

Ni mimi, mdogo wako