Kadi ya Kuchorea

Temeke, 3 Februari 2025

Mwanangu Abdulsamad,

Assalaam alaykum. Hali zenu huko Goba? Mie mzima, ila magoti yananisumbua, na joto la humu dukani haliniachi hata nikiwasha feni mbili. Natumai dereva wa bajaji atapanda kilima chenu salama, maana nimempa boksi kubwa na hotipoti ya visheti.

Manal aliniambia laptop yako imechoka, ukiipa kazi inavuma mpaka jirani anasikia. Mtu anayeishi kwa kuandika programu hawezi kwenda hivyo. Basi nimekuletea kompyuta ya mezani. Muuzaji aliuliza ni ya kazi gani, nikamwambia kazi ni mbili, aweke vya kutosha kwa zote mbili. Alinionyesha nyingi, nikachagua hii yenye ubavu wa kioo. Ifungueni pamoja.

Ningepiga simu, lakini mkwe na mkwe hawapigiani porojo. Barua ina adabu zaidi.

Mkweo,
Mama Manal

Goba, 9 Februari 2025

Mama,

Waalaykum salaam, na shikamoo. Sisi hatujambo, Manal anakusalimu. Pole na magoti.

Kompyuta imefika bila hata mchubuko. Ina taa za kila rangi, sebule yetu sasa ni kama ukumbi wa harusi kule Sinza. Na kazi inakwenda. Zamani nikiwasha programu zangu zote nilikuwa nakwenda kuchemsha chai nikisubiri, leo nikigeuka tu ziko tayari. Sijui nikushukuru vipi.

Chombo cha watu hakirudi kitupu. Hotipoti yako ina korosho.

Mwanao,
Abdulsamad

Temeke, 4 Machi 2025

Mwanangu Abdulsamad,

Assalaam alaykum. Mfungo unakwendaje? Sisi tunashukuru. Korosho zako nazifungulia kila jioni. Na wewe usizile sambusa hizi nilizotia kwenye hotipoti peke yako.

Nina swali moja. Manal ameanza kuchora? Nikimuuliza kwenye simu anageuza maneno, ananiuliza bei ya tende. Kabla hujamuoa alikuwa anachora katuni kwenye kompyuta ya dukani kwangu, mpaka wateja wanasahau walichofuata. Alipokuja kwako akaacha, akasema laptop ni ya kazi ya mume. Ndiyo maana nilimng'ang'ania muuzaji atie kadi ya kuchorea, ile kubwa yenye feni zake. Hiyo ndiyo kazi ya pili niliyokuambia.

Ningeweza kumpelekea mwenyewe. Lakini mama akimnunulia mke wa mtu kitu kikubwa hivyo, watu watasema mume hana. Nikaipitishia kwako ili heshima yako ibaki palepale.

Mkweo,
Mama Manal

Goba, 8 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya, na kwa Idi kupita bila kuja kukupa mkono. Nilishindwa kuja.

Kadi ile haipo. Kompyuta ilipofika nilifungua ule ubavu wa kioo, nikaona kadi kubwa ambayo vijana hununua kwa ajili ya magemu, na RAM kidogo, ile kumbukumbu inayoipa kompyuta kasi. Programu zangu zinakula RAM, kadi ya namna ile hazina haja nayo. Nikasema mama kapigwa. Wiki ileile niliipeleka Kariakoo nikabadilishana kwa RAM. Ile kasi niliyokusifia ilitokana na hiyo.

Hukupigwa, Mama. Mimi ndiye niliyesoma barua yako nikaona kazi yangu peke yangu. Hata wenzangu kazini niliwasimulia, tukacheka. Na Manal ndiye aliyenishikia tochi nilipokuwa nafungua skrubu.

Nimerudi dukani, kadi imeshauzwa. Tangu barua yako siwezi kumtazama Manal usoni. Naona aibu sana, Mama. Nimwambie nini?

Hotipoti inarudi tupu. Sikuona cha kuweka.

Mwanao,
Abdulsamad

Temeke, 10 Aprili 2025

Abdulsamad,

Marahaba. Hotipoti nimeipata.

Kuniona mjinga si neno, nimeonwa hivyo na wengi. Lakini jiulize, mie muuza vitenge, jina la kadi ile ningelijulia wapi? Manal ndiye aliyenitumia kwenye simu, herufi na namba zake zote, nami nikamsomea muuzaji.

Usiniulize mie umwambie nini. Kamuulize yeye kwa nini alikushikia tochi.

Mama Manal

Goba, 27 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumai magoti yamepata nafuu. Sisi ni wazima wa mwili.

Nimemuuliza. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho. Alisema, "Uliposema mama kapigwa ulikuwa unacheka. Nikaona haya kukwambia aliyechagua ni mie."

Nimetafuta kadi nyingine kama ile, nimeifunga, na kompyuta nimeihamishia kwenye meza yake. Mimi nimerudi kwenye laptop yangu inayovuma. Nilidhani hilo litatosha. Alinishukuru vizuri, kwa adabu, kama unavyomshukuru mgeni. Kisha akaifunika kompyuta kwa kitambaa chake cheupe cha kufuma.

Kila asubuhi anakiondoa, anakikung'uta vumbi, anakirudisha. Hajaiwasha bado.

Mwanao, kama bado waniita hivyo,
Abdulsamad