Mbeni Uwanjani Kitui

Mpendwa dada Kalekye,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Kikima. Huku Kitui mvua imenyesha vizuri na kila mahali ni kijani. Jana tulienda na Mama na watoto uwanjani, mahali vijana wanapofanyia mazoezi ya ngoma ya mbeni kwa sherehe za Jamhuri. Hakuna kiingilio. Tuliketi kwenye nyasi, tukala muthokoi tuliobeba. Dada, wale vijana wanajua kucheza. Filimbi ikilia, mtu anapinduka hewani na kutua wima, wala ngoma haimwachi.

Mmoja alitua mbele ya Mama, akamuuliza huku akihema, "Mama, nimeruka vizuri?"

Unajua tangu tumzike Baba, Mama hajamtaja hata mara moja. Alimwangalia yule kijana, kisha akaninyooshea mimi kidole. "Umejaribu. Lakini baba ya huyu alikuwa anaruka kukushinda. Ndiyo maana nilikubali anioe."

Mimi sikujua Baba alicheza mbeni. Wewe ulijua? Mama alitusimulia mpaka jioni, akicheka. Leo ameamka kabla yetu, amejifunga kitambaa, anauliza tunarudi uwanjani saa ngapi.

Mungu awalinde nyote, na uwabusu watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Mwende