Hukuzikwa Siku Ile

Mama Ruki,

Umekufa. Ijumaa mchana, hospitali. Moyo ulisimama. Mie nilikushika mguu, maana mikono yote walikuwa wameichoma sindano.

Hukuzikwa siku ile. Nakwambia mwenyewe, usije ukasikia kwa mtu.

Daktari alisema lazima cheti cha kifo, na ofisi wikiendi imefungwa. Nikamwambia sisi maiti hatumlazi. Akasema anaelewa. Hakuelewa. Wakakutia kwenye friji.

Nikakumbuka siku niliyokupeleka kazini kwangu, makumbusho, kule kubeba masanamu. Kila nikirudi mgongo unauma, weye ulikuwa unauliza, "Baba Ruki, leo umembeba mke mwenzangu gani?" Nasema yule mwenye kichwa cha simba. "Basi akupikie yeye." Miungu ya Misri ya zamani, mawe matupu, na weye unawafanyia wivu. Mwisho ukataka kuja kuwaona, Ruki ukamleta.

Ulicheka sana. Yule mungu paka ulisema kavaa herini nzuri kuliko zako, nani kamnunulia. Halafu ukamwona yule mwanamke ndani ya kioo, kafungwa vitambaa, vidole vya mguu viko nje. Ukasogea kwenye kioo. Ukasema, "Huyu mtoto wa watu hajazikwa." Ukaanza kumwombea. Ruki akakwambia, kwa Kiingereza chake, huyo si Muislamu, alikuwa na miungu yake. Ukamjibu, "Maiti ni maiti."

Kwenye sanduku lake wamechorwa wanawake wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Ruki akatusomea. Miungu pia hao, mtu na dada yake. Mmoja anaitwa Isisi, alifiwa na mumewe. Jina la mwenzake limenitoka. Kazi yao kukaa na maiti. Ukasema afadhali, hayuko peke yake.

Kwenye basi la kurudi nyumbani Woolwich ukanivuta shati. "Mie usiniweke. Nizike siku hiyo hiyo." Nikasema ndiyo.

Sikuweza.

Basi tukakaa. Mie na Ruki, kwenye korido, nje ya mlango wa friji. Mlinzi akatutoa, tukarudi. Akatutoa tena, tukarudi. Mwisho akatuletea chai. Ruki, ambaye kila kitu anajibu Kiingereza, alisoma Yasini na mie. Anakwama, namngoja, tunaendelea. Mungu ni mmoja, hilo unalijua sina shaka nalo. Lakini yule Isisi nilimwelewa. Huna la kufanya, unakaa.

Cheti kilitoka Jumatatu. Tukakuzika Jumanne. Ruki alikuosha pamoja na wanawake wa msikitini. Nilishuka kaburini mwenyewe, nikakulaza ubavu wa kulia, nikakufungua kamba za sanda. Udongo wa huku ugenini mzito, umejaa maji, si kama wa kwetu Pemba, tuliyoikimbia baada ya mapinduzi. Nilishika sepetu mpaka watu wakaninyang'anya.

Khitma tumesoma. Watu wamekula, wameondoka. Wali nikipika unashika chini. Mgongo najipaka mafuta mwenyewe, katikati sifiki. Ruki kachukua kanga yako moja, analala nayo, anadhani sijui.

Nisamehe, mke wangu. Nilikuahidi siku moja, zikawa nyingi.

Kila Ijumaa nikitoka msikitini ntakuja. Mvua, theluji, ntakuja. Nikifa, Ruki nishamwambia ang'ang'anie nizikwe upesi, hapo ubavuni mwako.

Lala sasa. Umeshazikwa. Hakuna wa kukutazama.

Bosi kapiga simu. Kesho narudi kazini.

Baba Ruki