Kundi la Udongo

Jumatatu, 3 Juni
Matokeo ya somo la ubongo yametoka chuoni. Tisini na mbili! Swali la saba: binadamu hutumia asilimia kumi tu ya ubongo. Nikaandika "kweli". La nane: kila mtoto ana njia moja tu ya kujifunza. "Kweli" tena. Shangazi ni muuguzi, anauguza watu wa kiharusi. Anasema kama asilimia tisini za ubongo zingekuwa za bure, wagonjwa wake wodini wangekuwa wanacheza mpira. Tulicheka sana. Kwenye mtihani niliandika anachotaka mkufunzi.

Jumanne, 4 Juni
Nimeanza mazoezi ya kufundisha, darasa la pili. Mwalimu wa darasa kanipa orodha: watoto wa kujifunza kwa macho, wa masikio, wa mikono. Wa mikono wako nyuma, wanane, na udongo wa kufinyanga. Vitabu hawapewi! Eti ubongo wao haupokei maandishi, nisijichoshe. Nikaitikia. Nikaandika daftarini.

Alhamisi, 6 Juni
Kuna binti huko nyuma, wenzake humwita Bi Udongo. Leo mapumzikoni nimemkuta anafinyanga herufi — anaziiga za ubaoni! Nikamuuliza ni nini hizo.
"Sijui, Mwalimu. Ni za wale wa mbele."
Nikamfundisha tatu: b, a, t. Akazipanga, akajaribu, akakwama, akarudia.
"Bata! Kumbe ni bata?"

Ijumaa, 7 Juni
Nimemweleza mkufunzi habari ya Bi Udongo. Kanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole.
"Mwanangu, mbona kwenye mtihani uliandika vingine?"
Jumatatu anakuja kunikagua. Andalio la somo lisipokuwa na makundi matatu, hasaini. Asiposaini, sina cheti. Shangazi anasema nikaze moyo, nisiyaandike. Mama anasema cheti kwanza, ukweli nitausema nikishaajiriwa. Wote wananipenda.

Jumatatu, 10 Juni
Makundi nimeyaandika. Matatu, kwa wino wa rangi.
Mkufunzi yuko nyuma, kwenye kiti cha mtoto, magoti kifuani. Niliandika ubaoni sentensi inayoanza na "Bata", nikauliza nani atasoma. Wa macho wakaangaliana. Mkono mmoja tu ukanyooka — wa Bi Udongo. Mwalimu wa darasa akaniambia kwa sauti: "Huyo wa mikono, mpite." Nikampita. Nikawapa zoezi la kunakili, na sasa naandika haya mezani kama najaza andalio. Zimebaki dakika kumi na tano. Mkufunzi kafungua kalamu.
Bi Udongo hajaushusha mkono.