Chaki Niliyompa Chebet

Kiamunyi

Mpendwa Wanjiru,

Barua yako ilitukuta salama. Goti la nyanya yako shosho limepata nafuu, na tayari amerudi kugombana na kuku wake.

Umeniuliza, wewe unayesomea ualimu huko mbali, kwa nini ilibidi sheria ikataze shule kumkataa mtoto kwa ajili ya ulemavu. "Kwani guka, walimu wa zamani hamkuwa na huruma?"

Tulikuwa nayo. Nilipokuwa mwalimu mpya kule Kuresoi, mama mmoja mkulima wa viazi alimleta binti yake Chebet, asiyesikia. Nilimwambia hatuna mwalimu wa viziwi.

"Mwalimu, masikio sikuyaleta," akasema. "Nimeleta macho. Ubao si unasomwa na macho?"

Nilicheka, kisha nikamkataa. Hakuna sheria iliyonizuia. Kwa kumhurumia Chebet nilimpa kipande cha chaki, nikaenda nyumbani nikijiona mtu mwema.

Muhula uliofuata nilienda kwao kununua viazi. Mlango wa jikoni ulijaa maneno yaleyale, juu hadi chini: SHULE YA MSINGI. Chebet aliyanakili kutoka kibao cha langoni kwetu.

"Hajui yanasema nini," mama akaniambia. "Mfundishe hayo tu, mwalimu."

Nilijaza viazi guniani, nikalipa, nikaondoka bila kumfundisha.

Sheria ilipokuja, mjukuu wangu, Chebet alikuwa tayari nyanya kama shosho wako.

Ni mimi babu yako, guka, ninayekuombea darasa lenye nafasi.