Simu ya Mamake Bi Harusi

Kibokoni,
Mombasa.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Mejumaa,

Assalaam aleikum. Shikamoo, Shangazi. Nakupa mkono wa mbali, na lau ningelikuwa karibu ningeliubusu mkono wako kama ulivyotufunza tulipokuwa wadogo.

Hujambo? Mguu waendeleaje? Tumesikia kuwa sasa wasimama kwa gongo, na kwamba daktari amekukataza ngazi, nawe akigeuka tu wazipanda. Mwenda pole hajikwai, Shangazi, na wewe ulishajikwaa. Na Ami Mzamil je, presha yake imeshuka? Huku sote tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imetuosha hadi ndani, na ukuta wa nyuma umeota ukungu, lakini afya tunayo.

Utashangaa kuona barua enzi hizi za simu. Jambo ninalotaka kukushukuru kwalo lilitokea kwenye simu, na naona haya kulisema kwenye simu tena. Isitoshe, ndugu yetu Faraj anasafiri kuja huko Alhamisi, na Nyanya amekwisha kumtwika achari na visheti kama mtu anayehama nchi. Bahasha moja zaidi haitamvunja mgongo.

Kwanza nijibu swali lako la siku ile, kama katika kazi hii ya ulinzi mtu huzeekea getini. La, Shangazi. Mimi pia nilidhani hivyo nilipoanza, nilipokuwa nikipekua mikoba ya watu mlangoni pa duka na kuambiwa na kila mama kuwa nina mikono baridi. Kumbe geti ni darasa la kwanza tu. Mwalimu wetu wa kule Tudor, Bwana Tsofa, hutuambia kuwa ulinzi ni mti wenye matawi, na asiyepanda ni mvivu. Wako wanaosomea mashine za kuangalia mizigo bandarini, wakaona kilichomo ndani ya kontena bila kulifungua. Wako wa zimamoto na uokoaji. Wako wanaovaa nguo za kawaida madukani wakisaka wezi, na wengine hutembea nyuma ya wakubwa wakiwa na miwani myeusi hata kukiwa na mawingu.

Msimamizi wangu, Sidi wa Kitsao, mwanamke wa Kigiriama wa Kaloleni, alianzia upande wa mbwa. Alikuwa na mbwa wake katika maghala ya Liwatoni, na asema mbwa yule alimfunza subira kuliko mchungaji wa kanisani kwao. Mimi moyo wangu uko kwenye chumba cha kamera. Unakaa mbele ya skrini nyingi, unajifunza kujua mtu anayetembea na mtu anayezurura. Kwa udaku nilioulea kwenye dirisha la Nyanya, naona kazi ile nilizaliwa nayo.

Lakini wajua nyumba yetu. Baba aliposikia mara ya kwanza alisema hakunisomesha mimi niwe soja. Ni wewe uliyempigia simu ukamuuliza iweje yeye achonge milango ya watu maisha yake yote, kisha binti yake aone haya kusimama mlangoni. Alicheka, akakubali, akatia sharti: siku kazi hiyo itakapoingiza maneno nyumbani, siku hiyo nivue sare. Mimi nikaitikia. Sikujua kuwa maneno yatakuja yakiwa yamevaa buibui la Nyanya.

Sasa nakuja kwenye harusi ya Ruweida. Wewe, kwa sababu ya mguu, ulisikia tu, hukuona, na kwa kuwa yeye ni mwanao wa kumzaa, nimeona ni haki yako upate yote.

Kampuni yetu ina kikosi cha wanawake watupu kwa ajili ya shughuli za wanawake. Wajua mambo ya kupamba: mabuibui yanavuliwa, vichwa vinaachwa wazi, watu wamejipodoa, na picha moja ikitoka nje ni balaa. Upande wa bwana harusi waliwahi kuchomeka. Mkwe wao alipigwa picha akicheza, picha ikazunguka mjini, na ndoa yake ikayumba. Ndiyo maana pande zote mbili zilikubaliana kabla ya siku: simu haiingii ukumbini, si ya kwetu si ya kwao. Mpigapicha atakuwa mmoja, mwanamke, na picha zake atapewa bi harusi peke yake. Sisi tukakodiwa tushike mlango. Sidi aliniuliza kama naweza kusimama kwenye harusi ya jamaa zangu, nikamwambia naweza. Nilisema upesi mno.

Mambo yalienda vizuri mwanzoni. Tulikuwa na vimfuko vya kitambaa na vibati vya nambari. Mtu anatoa simu, anapewa kibati, anaingia. Wengine walinuna, wengine waliniambia nimekua. Kisha Nyanya akateremka kwenye tuktuk, amejitanda, uso umenyooka, anatembea taratibu kuliko kawaida yake. Nikambusu mkono. Nikamuuliza kama ana simu, akaniambia, yeye na umri ule, simu ya nini.

Hapo kifua cha Nyanya kikakohoa.

Kisha kikauliza, “Mushafika?”

Shangazi, nimesomeshwa kushughulikia mlevi, mwizi na mwenye kisu. Kifua kinachosema sikusomeshwa. Watu wa foleni wakageuka wote. Baadaye ndipo nilipojua mpango wenu nyinyi wawili: kwamba kwa vile Nyanya hajui kupiga, alipigiwa simu ya video nyumbani kabisa, ili umwone mwanao ukumbini, akakutia ndani ya kanzu, na ukasafirishwa kutoka Kibokoni hadi Tudor ukisikiliza honi. Na kwa vile masikio yake ni mazito, sauti ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho.

Nilimwomba anipe. Alikataa. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, “Huyu ni mamake bi harusi. Wataka kumfungia mlango mamake, naye hawezi kusimama? Nani alokupa mamlaka hayo?”

Nyuma yake alikuwa amesimama shangazi ya bwana harusi, mama mmoja mpana mwenye sauti, naye simu yake ilikuwa mkononi waziwazi. Alisema polepole kwamba kama ile yaingia, basi na yake yaingia. Nikageuka kumtazama Sidi. Alikuwa hatua chache tu, na angeweza kuja kunipokea, lakini alitazama pembeni, akaniachia. Nilijua nikimpitisha Nyanya, watu wa kule watasema kampuni ile ni ya jamaa, na kazi ya kikosi chetu itakufa palepale. Nikimzuia, maneno yatafika kwa Baba kabla sijavua viatu. Na mtu wa pekee wa kunitetea kwa Baba alikuwa ndani ya kifua kile. Nilijiona kama mtu aliyekalia tawi na msumeno mkononi.

Ndipo wewe uliposema. Najua wakumbuka, lakini acha niyaandike, kwa sababu nataka yawe mahali fulani kwa wino.

“Nabiha, mwanangu, ichukue. Mamake bi harusi akiingia kwa wizi, wageni waingie vipi?”

Nyanya akataka kukujibu, ukamkatiza kwa adabu: “Mama, mpe. Mtoto yuko kazini.”

Nyanya aliitoa. Aliniwekea mkononi bila kunitazama, akaingia ukumbini kichwa juu kama aliyedhulumiwa na serikali. Shangazi ya bwana harusi alisimama kidogo, kisha akanipa yake, na akasema, “Mungu ampe afya huyo mama.” Baada ya hapo, Shangazi, simu zilitoka hata mahali sikudhani simu hukaa. Mwanamke mmoja aliyekwisha pita alirudi mwenyewe akatoa ya pili.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Kabla ya kukata nilizima ile sauti kubwa nikakuweka sikioni, nikuombe radhi. Nikasikia unalia. Hukujua kuwa nimekuweka karibu hivyo. Nikabonyeza kabla sijaomba. Nimeibeba sauti ile wiki zote hizi, na ndiyo iliyonikalisha leo niandike.

Baadaye wageni walipotulia, Sidi alinijia. Yule hasemi sana, labda kwa kuzoea kukaa na mbwa. Aliniambia, “Ingia umwangalie bi harusi kwa niaba ya mamake. Mlango nitaushika mimi. Usiangalie haraka.”

Basi niliingia na sare yangu na mabuti yangu, katikati ya dhahabu na udi, nikamwangalia Ruweida kwa ajili yako. Picha utapata kwa Faraj, lakini picha zile amekaa kama alivyoambiwa akae. Mimi nakupa ambayo hayamo. Hina yake ilikoza mpaka vifundoni, na kwenye kidole gumba cha kushoto ilimwagika kidogo kwa sababu hakutulia, wamjua. Alivaa zile bangili zako, na kila mara alizisukuma juu kisha zikateremka tena. Hereni moja ilikuwa nzito ikimvuta, kwa hiyo alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja. Watu walidhani ni haya za bi harusi. Alikuwa akiuma ndani ya shavu kama alivyokuwa akifanya chuoni akisahau sura ya Kurani. Na alikuwa mzuri, Shangazi. Si uzuri wa kupakwa. Alifanana na wewe katika ile picha iliyoko ukutani kwa Nyanya, hadi nikaona ajabu.

Aliponiona aliniuliza kwa midomo tu: “Mama?” Alijua mpango wenu, kumbe. Nikamtikisia kichwa. Alitazama chini, nikaogopa atalia na wanja utamwagika wote. Halafu akainua uso, akatazama kile kiti cha mbele walichokuwa wamekuachia, kilichowekwa leso tu, na akakaa vile, macho hapo, mpaka walipoanza vigelegele vya kumpokea bwana harusi. Ndivyo alivyokuwa mwanao. Nimekueleza kama nilivyoona, sikuongeza chumvi.

Maneno yalifika nyumbani kama nilivyojua. Baba aliyapata msikitini, tena kwa watu wa upande wa pili. Hakunigombeza. Alinyamaza, na wewe wamjua nduguyo, akigomba afadhali. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya, maana kampuni ilikuwa imenichagua kwenda kusomea chumba cha kamera, na nikirudi nikabidhiwe kikosi cha wanawake nikisimamie, kwa sababu Sidi anapandishwa kwenda bandarini. Nilihitaji radhi ya Baba, na kila nilipotaka kufungua mdomo nilimwona akipiga randa ubao ule ule uliokwisha lainika.

Kisha Ijumaa moja ukampigia. Alipanda nayo darini, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Ulimwambia nini mimi sijui, na sikuulizi. Aliposhuka, alikaa, akanywa ile chai ya baridi bila kulalamika, na akaniuliza, “Hiyo kozi yaanza lini?”

Nikamwambia baada ya Idi. Akasema viatu vyangu vimechakaa, na kwamba mtu hawezi kusimamia wenziwe kwa viatu vile. Hayo tu. Jana ameniletea vipya, vyeusi, vimenizidi kidogo mbele. Nimetia pamba na nimeapa sitamwambia.

Nyanya bado amenuna, usidanganywe. Chakula ananipa, salamu aitikia, lakini nikiingia chumbani yeye hujifunika. Hata hivyo Bi Mbodze, jirani anayetuuzia maziwa, amenieleza kuwa juzi Nyanya alimwambia kwa majivuno kuwa mjukuu wake ni askari wa kweli, hata yeye mwenyewe hakumwacha. Nami nimejifanya sikusikia, nisije nikamharibia raha ya kununa.

Shangazi, wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Ulikuwa na neno moja la kusema siku ile. Lau ungesema “Niache nimuone mwanangu,” hakuna mtu mlangoni pale ambaye angekulaumu, na mimi ningekuachia, na yote niliyoyajenga yangekwisha hapo. Uliitoa furaha yako ili mimi nibaki na kazi yangu. Sijui nitalipaje. Nashukuru, na kila nikivaa sare nitashukuru tena.

Nisalimie sana Ami Mzamil, mwambie achari ya ndimu ni yake lakini chumvi asiizidishe. Wasalimie majirani zako wote wanaokuletea supu. Baba Athmani akusalimu, Ruweida na mumewe wanakubusu mikono, na Nyanya Bimdogo asema utie mguu mafuta ya habasoda, usiwasikilize madaktari peke yao. Mwenyezi Mungu akuponye mguu, akuwekee macho yako, na atukutanishe katika heri.

Na ukishapona uje, insha Allah. Tutakufanyia shughuli yako wewe, kwa kupona kwako, na watu watajaa. Kiti cha mbele kitakuwa chako na leso itaondolewa. Lakini ujue mlangoni nitakuwa mimi, Shangazi, na simu yako nitaichukua.

Mwanao akupendaye,
Nabiha Athmani