Kamera Inayochelewa

Yaya yangu Wilondja, kaka yangu mkubwa,

Jana tumekuzika. Usishtuke. Tulizika gogo la mgomba lililovikwa shuka jeupe, kwa sababu wewe mwenyewe hujaonekana na Baba amechoka kungoja. Wajomba walilibeba mabegani polepole, kama wanavyobeba mtu, na akina mama wakalia njia nzima hadi makaburini. Mimi nilikuja nyuma na kamera nyeusi shingoni, ile uliyoicheka, na sikupiga hata picha moja. Ungekuwapo ungenigombeza. Ulikuwa ukisema mpiga picha anayeshindwa kupiga msibani ni mvivu tu, na huzuni ni kisingizio.

Nakuandikia kwa sababu ubishi wetu haukuisha. Uliondoka kabla hatujakubaliana kamera ipi ni bora, na tangu hapo sijapata mtu wa kubishana naye. Siku hizi hapa mjini Baraka kila kijana anapiga kwa simu yake na hakuna anayejali. Ukimwambia mtu habari za kamera mbili zilizogawanya nyumba nzima, anakuonea huruma.

Unakumbuka zilivyotufikia? Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, ukuta wa nyumba umefika kiunoni na juu tumetandaza turubai. Ile nyeusi alituachia mzungu mmoja, siku wageni walipohamishwa kwa haraka bunduki zikilia milimani. Baba ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango lake. Mzungu alitoka na begi moja, akaitoa kamera mfukoni, akampa Baba mkononi. Ya rangi ya fedha uliitafuta mwenyewe kwa mfanyabiashara aliyetoka Kigoma, ukatoa baiskeli yako. Mama alikununia mpaka maharagwe yakaiva shambani, kwa maana baiskeli ile ndiyo iliyokuwa ikimbebea mihogo.

Yako ilikuwa nzuri, sikatai. Ilikuwa nyembamba, ikakaa kwenye mfuko wa shati hata mtu asijue umebeba kitu. Ilivuta mpaka mtumbwi wa mbali ukaonekana na makasia yake. Ukibonyeza tu, imeshapiga. Na nyuso ilizing'arisha, wateja wakajiona weupe kuliko mama zao walivyowazaa, wakafurahi. Ubaya wake ulikuwa betri. Ilitaka umeme, na umeme wa Baraka ulikuwa wa kupanga foleni kwa mwenye jenereta, katikati ya simu za watu na kelele zao. Mara ngapi ulifika kwenye ubatizo, mtoto amevishwa, mchungaji amenyanyua mkono, na kamera yako ikatoa sauti ndogo kama ya kifaranga na kulala?

Yangu ilikula mawe ya redio, betri ndogo zile zile za kila kibanda. Yakichoka niliyaanika juani pembeni ya mihogo ya Mama, yakafufuka kidogo, nikapiga nyingine mbili tatu. Ilikuwa nene na nzito, na haikuvuta kitu cha mbali. Lakini rangi yetu iliiacha ilivyo. Mama alipojiona mara ya kwanza kwenye kioo cha kamera yangu alisema hii inatujua, ile ya Wilondja inatudanganya. Wewe ukasema watu hawatoi hela waonyeshwe ukweli, ukweli wanao nyumbani kwenye ndoo ya maji.

Kasoro yake moja ndiyo uliyoishikilia. Ilichelewa. Nabonyeza, halafu hakuna kitu, kimya, mtu ameshapumua, ameshageuza shingo amwite mtoto, ndipo inapiga. Nilikuwa na picha nyingi za visogo vya watu wa Baraka. Uliziita mkusanyo wangu, ukawaonyesha wateja ili waje kwako. Siku moja ulisema neno ambalo ulilisahau hapo hapo, ukacheka ukaenda kunywa chai:

"Hii yako inapigaka bantu wakati banaisha kwenda."

Mimi sikulisahau, kwamba kamera yangu hupiga watu wakiwa wameshaondoka.

Kisha ile Jumapili ya kuzishindanisha. Wewe ndiye uliyetaka, ili nishindwe mbele ya mashahidi. Tulipiga dagaa walioanikwa mchangani, kamera hii kisha ile. Tulipiga Mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kweli yako iliusimamisha mchi hewani na yangu ikatoa moshi mahali pa mikono. Baba, aliyekuwa hakimu, alitoa alama kwa haki akipendelea nyeusi kidogo, maana ni yake. Mwishoni ukasema tupigane sisi wenyewe, kila mmoja ampige mwenzake, kwa pamoja. Ulijipanga jua likiwa mgongoni mwako, kama kawaida yako. Ulinifundisha hivyo tangu siku ya kwanza, kwamba jua likae nyuma ya mpigaji, na ukaniachia mimi jua la machoni. Ukahesabu. Tukabonyeza.

Yako ilipiga papo hapo. Nimo mule ndani, uliniambia, mtu mwenye kamera mahali pa uso. Yangu ilichelewa. Wewe ulikuwa umeshamaliza, umeanza kushusha mkono ili unicheke, ndipo ikakuchukua, nusu ya uso nje ya kamera, jicho moja, kona ya mdomo inayofunguka, na yote yametandazika upande mmoja kama wino uliopitiwa na kidole. Ukaiangalia kwenye kioo ukasema imeharibika, niifute. Nikasema ndiyo.

Sikuifuta. Nilikuwa nataka siku moja nikuchokoze nayo.

Halafu Lubondja, kule milimani. Kulikuwa na harusi, na bwana harusi alikuwa rafiki yako wa shule ya kambini. Nilikuambia uchukue nyeusi, kwa sababu kule juu huna pa kuchajia, na mawe hata Lubondja yapo. Ukasema bibi harusi hangoji kamera. Uliondoka asubuhi umevaa shati la kijani, ile ya fedha kwenye mfuko wa kifua, ukaniachia kitambaa chetu cha bluu cha nyuma ya wateja na ukaniagiza nikifue. Nilikifua. Kilikuwa bado kwenye kamba watu wa kwanza walipoanza kuteremka wakikimbia, wengine na vyungu vya harusi kichwani.

Tuliwauliza wote. Mmoja alisema alikuona ukipiga picha wali ukipakuliwa, mlio wa kwanza wa bunduki ukasikika na ukageuka kuangalia mlima. Mwingine alisema ulishuka bondeni ukiwa umemshika bibi mzee mkono. Mchunga ng'ombe kutoka Bibokoboko, aliyekuwa akikimbia vita ile ile upande wake, alisema alipishana na kijana mwenye shati la kijani akipanda msituni, na kijana alimsalimia vizuri. Bibi mzee hakupatikana, shati halikupatikana. Baba alipanda mara tu njia ilipofunguka, akafunua kila kilichofunikwa, akarudi hajui kitu. Tangu hapo haongei akila.

Na mimi, yaya, nimekuwa mtu wa kuchungulia. Nikipiga harusi, nikifika nyumbani siwaangalii maharusi, naangalia watu wa nyuma, wale waliosimama mlangoni bila kualikwa. Sokoni nikiona kamera ya rangi ya fedha naiomba, naigeuza, natafuta ile alama ya rangi ya kucha uliyoipaka pembeni ili nisije nikakuibia. Nimegeuza za watu wengi. Mmoja aliniuliza kama mimi ni polisi. Nina hofu ya kuiona alama ile, na nina hofu ya kutoiona.

Kuna jambo moja ambalo labda hukulijua. Mwanamke wa Lubondja alikuja na picha ya mtoto wake, uliyompiga mwaka wa kurudi kwetu, akataka niikuze na nikate kitu cheusi kilicholala chini miguuni pa mtoto. Nilikitazama. Kilikuwa kivuli chako. Viwiko viwili nje, kichwa kimeinama, ukiwa umeshika kamera. Jua nyuma ya mpigaji. Nilimwambia kukata kutaharibu, nikamkuzia bure. Baada ya hapo nikaanza kuingia katika nyumba za watu nikisingizia kusalimia, ili nitazame kutani. Upo kila mahali, yaya. Umelala miguuni pa bibi harusi, pa watoto wa komunyo, pa mzee mwenye samaki mkubwa. Wenyewe hawakuoni. Nakaa kwenye kiti chao, nakunywa maji yao, nakutazama.

Sasa Baba amezeeka. Wazee wa ukoo walimwambia nyumba yenye mtu asiyeliliwa haina amani, na kikohozi chake kinatoka huko. Aliniita mbele ya Mama akasema:

"Mulango haiwezi kubakia wazi siku zote. Tuzike mutoto, tupumuzike."

Akaniomba picha ya kuweka mbele ya kilio. Unajua desturi, picha hutangulia, kisha mwili. Hapo ndipo tulipogundua. Mpiga picha mzima wa Baraka, na uso wako haupo popote. Ulijificha nyuma ya kamera maisha yako yote na sisi hatukuona. Nilikuwa na kivuli kutoka kwenye kuta za watu, na ile uliyoniambia nifute.

Niliipeleka kwa mwenye kompyuta, nikaitoa kwa ukubwa, nikamkabidhi Baba. Aliishika kwa mikono miwili muda mrefu. Wajomba walisema haifai, inatisha, inaonyesha pepo. Baba akasema ni hiyo au hakuna, itafungwa juu ya mgomba, ishuke nao. Nilijua ikishuka umekwisha kweli, hata mimi sitachungulia tena. Nilitaka hivyo, na nilikuwa siwezi. Kabla sijafungua mdomo Mama aliinuka mkekani, akaichukua mkononi mwa mumewe, akapitisha kidole pale ulipotandazika.

"Uyu iko anatembea bado," alisema. "Habazikake muntu mwenye iko anatembea."

Anayetembea hazikwi; wajomba wakaliinua gogo. Mgomba ulikwenda peke yake bila uso, na picha ikabaki kifuani mwa Mama, ndani ya kitenge.

Leo asubuhi ndugu walipokuwa wakikunja mikeka na kuaga, Mama alitaka apigwe picha na Baba mbele ya nyumba. Nilifurahi, tangu uende hajawahi kutaka. Nilimkuta ameshavaa kile kitenge cha ndege. Baba aliletwa na kiti chake, akajisogeza karibu na mkewe kama wateja wanavyofanya, naye akamsukuma taratibu.

"Acha nafasi apa katikati," alimwambia. "Kamera ya uyu mutoto inachelewaka. Pengine atafika kabla ipige."

Baba akanitazama. Nilidhani atakasirika, maana jana tu alitupa udongo kwa mkono wake. Alishika kiti, akakisogeza pembeni, nafasi ikatosha mtu mzima. Nikageuka nikaliweka jua mgongoni mwangu, kama ulivyonifundisha. Nikabonyeza. Ukaja ule ukimya wake, yaya, uleule uliokuwa ukiucheka, kidole kimeshuka na picha haijaja, na ndani yake wote watatu tulingoja. Mama aliangalia njia. Baba pia, nilimwona. Mimi niliangalia ile nafasi, nikaona kwamba sikuwahi kuamini mgomba hata kidogo.

Ikapiga.

Mama alikuja kutazama kioo kabla sijakiangalia mwenyewe. Wamo wote wawili, rangi yao ilivyo. Katikati yao, pale mahali patupu, amelala mtu mweusi mrefu, viwiko nje, kichwa kimeinama, ameshika kamera. Mama alikigusa kioo kwa kidole kile kile cha jana.

"Uyu apa," alisema, akaenda kumwita Baba aje aone.

Sikumwambia kuwa kivuli kile ni changu.

Basi ubishi uishe, nimekubali na kukataa pamoja. Yako ilikuwa na haraka, nayo imekwenda nawe. Yangu ipo, mawe yake yako juani sasa hivi ninapoandika. Popote ulipo, ukiwa unatembea, usiwe na haraka. Nafasi tumeiacha.

Ni mimi leki yako, mdogo wako uliyeniachia jua la machoni,
hapa mjini Baraka.